Picha Haijitafsiri: Sanaa ya Kidini na Wamishenari wa Uchina

Mwaka 1415 wajumbe kutoka Malindi walimfikisha twiga katika baraza la Mfalme Yongle wa Uchina. Wenyeji wa baraza hilo hawakuwa na jina la mnyama huyo. Walikuwa, hata hivyo, na jina la kiumbe ambaye hakuna aliyewahi kumtia machoni: qilin, mnyama wa ngano anayesemekana kujitokeza pale tu ambapo mtawala ni mwadilifu. Twiga wa Malindi, sawa na mwenzake aliyetangulia mwaka 1414 kama zawadi ya mfalme wa Bengal, akaitwa qilin. Picha ikachorwa, na maneno ya kumsifu mfalme yakaandikwa juu yake. Hakuna aliyedanganya. Jicho lilimwona twiga. Ulimi ukampa jina lililokuwapo. Na kuanzia hapo jicho lenyewe likaanza kuona kile ambacho ulimi ulikwisha kukitaja.

Kisa hicho kinafaa kutangulizwa na yeyote anayekusudia kuijadili sanaa ya kidini iliyopelekwa Uchina na wamishenari wa Kikristo. Aghalabu hudaiwa kwamba picha ni lugha ya watu wote. Kwamba neno lahitaji mfasiri ilhali picha hujisemea yenyewe. Dai hili ni la kale. Karibu mwaka 600 Papa Gregory wa Kwanza aliandika kwamba picha humfaa asiyejua kusoma kama vile kitabu kinavyomfaa msomi. Wamishenari waliosafiri hadi Mashariki ya Mbali miaka elfu moja baadaye waliibeba imani hiyo pamoja na masanduku yao ya picha.

Historia ya Uchina yalikanusha dai hilo waziwazi. Picha haijitafsiri. Nayo huhitaji mfasiri, huhitaji istilahi, na huweza kupotoshwa kama sentensi yoyote ile. Fauka ya hayo, historia hiyo inadhihirisha jambo jingine zito zaidi: kwamba mmishenari alikubali kuwa mwanafunzi wa lugha ya mtazamaji wake pale alipokuwa mnyonge, na akaacha kujifunza mara alipopata nguvu.

Madhabahu ya Zhaoqing

Mwaka 1583 Wajesuiti wawili Waitalia, Michele Ruggieri na Matteo Ricci, waliruhusiwa kuishi katika mji wa Zhaoqing, mkoani Guangdong. Ruggieri alikuwa amewahi kufika mjini humo na kumwachia kijana mmoja Mchina madhabahu yake. Waliporejea, walikuta kijana huyo ameitunza vyema, na juu yake ameweka maandishi mawili makubwa: Tianzhu, yaani Bwana wa Mbingu. Hapakuwa na picha. Lilikuwapo neno tu, nalo lilikuwa limeandikwa na mwenyeji. Jina hilo ndilo ambalo Wakatoliki wa Uchina wanalitumia hadi leo kumtaja Mungu.

Wamishenari walipokuja kuitundika picha ya Bikira Maria akiwa amempakata mtoto, wageni waliofika walisujudu kwa heshima kubwa. Wenye nyumba wakafurahi, lakini furaha hiyo haikudumu. Uvumi ulianza kuenea kwamba Mungu wa watu hawa kutoka Magharibi ni mwanamke. Ikabidi picha hiyo iondolewe madhabahuni na mahali pake pawekwe picha ya Mwokozi.

Je, watazamaji wa Zhaoqing walikosea? La hasha. Wao walisoma kwa sarufi waliyokuwa nayo. Katika Ubuda wa Kichina, Guanyin ni mwenye huruma anayesikia vilio vya walimwengu, na mojawapo ya sura zake mashuhuri ni ile ya mleta watoto, mwanamke aliyempakata mtoto mchanga. Wafinyanzi wa Dehua, mkoani Fujian, walizitengeneza sanamu zake kwa kauri nyeupe ambayo sifa zake zilivuka bahari. Mwanamke, mtoto, uso wa upole: msamiati wote ulikuwapo tayari. Katika jumba la makumbusho la Field mjini Chicago imehifadhiwa picha iliyopatikana Xi'an mwaka 1910, ambayo wataalamu wangali wanabishania umri wake. Umbo la mama linafuata picha maarufu ya Maria iliyoko Roma, lakini mtoto amenyolewa na kuachiwa kishungi kama mtoto wa Kichina. Mtazamaji wa Kibuda angeweza kuisujudia bila kubadili dini, na Mkristo angeweza kuisalia bila kutiliwa shaka.

Iwapo picha ya mama ilieleweka kupita kiasi, msalaba haukueleweka kabisa. Mwaka 1600, Ricci akiwa njiani kwenda Beijing, mizigo yake ilipekuliwa na Ma Tang, towashi mwenye mamlaka ya kutoza ushuru. Humo akapata msalaba wa mbao wenye sanamu ya mtu aliyepigiliwa misumari, damu ikimchirizika. Towashi alipiga kelele kwamba huo ni uchawi uliotengenezwa ili kumuua mfalme. Ricci, aliyekuwa amekwisha kuandika vitabu kwa Kichina, alijikuta hana maneno ya kutosha. Alijieleza kwamba huyo ni mtakatifu mkuu wa nchi yao aliyekubali kuteswa kwa ajili ya watu. Maelezo hayo hayakuwa uongo, wala hayakuwa imani yake kamili. Kila aliyewahi kufasiri anaitambua hali hiyo: kusema kile ambacho lugha lengwa inaweza kukibeba kwa wakati huo, na kukiacha kingine njiani.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Mwaka 1601 Ricci alifikisha zawadi zake katika kasri la Mfalme Wanli: saa, kinanda na picha za Mwokozi na za Bikira Maria. Kwa mujibu wa simulizi ya Ricci mwenyewe, mfalme alishangaa akisema kwamba huyo ni Buddha aliye hai, kisha akaingiwa na hofu kwa jinsi sura zilivyofanana na watu halisi. Picha za Maria zikapelekwa kwa mama yake mfalme, mfuasi wa Ubuda, naye akaagiza zihifadhiwe katika hazina. Saa ziliachwa zikifanya kazi mbele ya mfalme, na mafundi wake wakaitwa kila zilipohitaji kutengenezwa. Ni saa, wala si picha, zilizomfungulia mmishenari mlango.

Wafasiri wasiotajwa

Baada ya misukosuko hiyo Wajesuiti walizinduka. Walitambua kwamba picha zao hazina budi kupitia mikononi mwa Wachina kabla ya kufika machoni mwao.

Mwaka 1606 mtengenezaji wa wino aitwaye Cheng Dayue alichapisha kitabu kikubwa cha michoro ya kuipamba na kuitangaza biashara yake. Ndani yake, pamoja na michoro ya Kibuda na ya Kidao, aliingiza picha nne za Kikristo alizopewa na Ricci, ikiwamo ya Petro akizama baharini na ya Bikira Maria wa kanisa kuu la Sevilla. Ricci aliziandikia tatu kati yake maelezo kwa Kichina, na kando ya maandishi hayo yakawekwa matamshi kwa herufi za Kilatini. Cheng hakuwa Mkristo. Alipenda mambo mapya, na wino wake ulihitaji wanunuzi. Hata hivyo, kitabu chake kilizifikisha picha hizo kwa wasomi ambao hawangekanyaga kanisani.

Karibu mwaka 1620 Mjesuiti Mreno João da Rocha alitoa kitabu cha kufundishia rozari chenye picha 15 za chapa ya mbao. Kielelezo kilikuwa kitabu cha Jerome Nadal kilichochapishwa Antwerp mwaka 1593. Lakini anayelinganisha vitabu hivyo viwili atastaajabu. Malaika anapomletea Maria habari njema, Maria yumo katika chumba cha Kichina, na nyuma yake pamesimamishwa kiambaza kilichochorwa milima na maji kwa mtindo wa wasomi wa enzi ya Ming. Vivuli vizito vya Ulaya vimeondolewa, mistari imebaki. Aliyechora hakunakili, alifasiri. Jina lake halijulikani kwa hakika.

Mwaka 1637 Giulio Aleni alichapisha huko Fujian maisha ya Yesu kwa picha. Kitabu hiki kilikaribia zaidi kile cha Nadal, ila kilikuwa na mabadiliko ambayo mwanafunzi wa lugha hawezi kuyapuuza. Nadal alikuwa ameweka herufi A, B na C ndani ya picha ili kumwongoza msomaji kwenye maelezo yaliyo chini. Aleni aliziondoa akaweka jia, yi na bing, alama ambazo Wachina walizitumia tangu zamani kupangia mambo kwa zamu. Ishara hiyo ndogo ilimwambia msomaji kwamba kitabu hiki kimeandikwa kwa ajili yake.

Kivuli chenyewe kilikuwa suala la tafsiri. Gu Qiyuan, msomi wa Nanjing, aliyaandika maelezo ya Ricci kwamba Wachina huchora upande wa mwanga pekee, ilhali Wazungu huchora mwanga na giza. Kwa mtazamaji wa Kichina, giza lililopakwa shavuni lilifanana na uchafu. Giuseppe Castiglione, aliyewasili mwaka 1715 na kuwatumikia wafalme watatu kwa jina la Lang Shining, alijifunza kuwachora wakubwa wa kasri nyuso zao zikimulikwa kutoka mbele ili kivuli kisionekane. Aliubadili mkono wake kwa sababu jicho la mwenyeji ndilo lililokuwa na amri.

Picha yageuka ushahidi

Hata hivyo, si busara kuipamba enzi hii kama kwamba ilikuwa ya maelewano matupu. Mwaka 1640 Adam Schall, Mjesuiti Mjerumani na mwanafalaki, alimkabidhi Mfalme Chongzhen kitabu cha picha za maisha ya Yesu. Karibu miaka 25 baadaye, chini ya utawala mpya wa Qing, mpinzani wake Yang Guangxian alizichukua picha tatu kutoka kazi hiyohiyo, zikiwamo za kusulubishwa, akazichapisha upya katika kitabu chake. Hakuhitaji kuzibadili. Hoja yake ilikuwa nyepesi: Wakristo wenyewe wanakiri kwa picha zao kwamba kiongozi wao alikuwa mhalifu aliyenyongwa kwa amri ya serikali. Katika dola iliyojengwa juu ya utiifu kwa mtawala, hapakuwa na shtaka zito kuliko hilo.

Ni kweli kwamba kesi iliyofuata ilihusu falaki na madai ya njama kuliko picha. Lakini picha zilitayarisha nyoyo za wasikilizaji. Mwaka 1665 Schall alihukumiwa kifo, kisha akaachiliwa baada ya tetemeko la ardhi kuitikisa Beijing. Wanafalaki watano Wachina, Wakristo waliofanya kazi pamoja naye, hawakupata bahati hiyo, walikatwa vichwa. Yafaa jambo hili likumbukwe kila tafsiri inapojadiliwa kana kwamba ni mchezo wa maneno. Tafsiri inapoteleza, anayeumia kwanza si mgeni.

Baadaye Roma nayo ilikataa kusikiliza. Mwaka 1704, tena mwaka 1715 na mwaka 1742, mapapa walipiga marufuku kushiriki kwa Wakristo Wachina katika ibada za kuwaheshimu wahenga na Confucius. Mfalme Kangxi alijibu mwaka 1721 kwa kuyakataza mahubiri, na mwaka 1724 Mfalme Yongzheng akaupiga marufuku Ukristo katika milki yake. Castiglione alibakizwa kwa ajili ya brashi yake. Alichora farasi, maua na vita. Mwaka 1736 alimpigia magoti Mfalme Qianlong akiwaombea Wakristo nafuu. Lakini picha alizoendelea kuagizwa hazikuwa za watakatifu.

Nguvu na uziwi

Karne ya 19 ilileta mizani mpya. Baada ya Vita vya Kasumba, mkataba wa mwaka 1842 na ile ya miaka ya 1858 na 1860 iliwarejesha wamishenari chini ya ulinzi wa manowari. Hawakuhitaji tena kumbembeleza mtengenezaji wa wino wala kumwogopa towashi. Sanaa yao ikabadilika papo hapo.

Mjini Guangzhou, mahali palipokuwa na makao ya gavana mkuu yaliyoangamizwa vitani, Wafaransa walijenga kanisa kuu la mtindo wa Kigothi kati ya miaka ya 1863 na 1888. Wenyeji waliliita Nyumba ya Mawe, na waashi wake walikuwa Wachina. Lakini hakuna aliyewauliza nyumba ya Mungu ifananeje. Huko Shanghai, karakana za Tushanwan zilizoanzishwa mwaka 1864 ziliwafundisha mayatima uchoraji, uchongaji na upigaji chapa. Kazi hiyo iliwapa vijana wengi riziki, na sanaa ya kisasa ya Uchina inawiwa nayo deni. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mafunzo ilikuwa kunakili vielelezo vya Ulaya. Mkono wa Kichina uliosifiwa kwa kufasiri mwaka 1620 sasa ulisifiwa kwa kutobadili chochote.

Jibu la umma lilikuja kwa picha vilevile. Kufikia mwaka 1891 vikaratasi vya rangi vilikuwa vimesambazwa katika bonde la mto Yangtze, vingi vikihusishwa na Zhou Han wa Hunan. Katika Kichina neno zhu kwa toni moja ni bwana, na kwa toni nyingine ni nguruwe. Tianzhu, jina lililoandikwa kwa unyenyekevu na kijana wa Zhaoqing, likageuzwa kuwa nguruwe wa mbinguni, na msalabani akachorwa nguruwe. Machafuko yalifuata na makanisa yakachomwa. Ukatili huo hauna utetezi. Lakini mwanaisimu atakiri kwamba waliochora walielewa jambo ambalo wajenzi wa Kigothi walilisahau: kwamba picha husomwa kwa sauti ya lugha ya mtazamaji.

Kurejea shuleni

Mabadiliko yalianza pale ambapo nguvu za kigeni zilipoanza kuhojiwa. Mwaka 1922, mwaka ambao wanafunzi wa Uchina walianzisha vuguvugu la kuupinga Ukristo, Celso Costantini aliwasili kama mjumbe wa Papa. Alikuwa mpenzi wa sanaa, na aliyakosoa makanisa ya Kigothi waziwazi. Mwaka 1926 maaskofu sita Wachina waliwekwa wakfu mjini Roma. Mwishoni mwa muongo huo Costantini alikutana na Chen Yuandu, mchoraji wa Beijing ambaye hakuwa Mkristo, akamhimiza azitafakari Injili kwa brashi na hariri. Chen alibatizwa mwaka 1932 kwa jina la Luka. Yeye na wanafunzi wake katika Chuo Kikuu cha Fu Jen walimchora Maria katika bustani za Kichina, na mtoto Yesu akizaliwa chini ya paa la nyasi kati ya mianzi na theluji.

Walikuwapo waumini Wachina waliozikataa picha hizo. Maria, walisema, alikuwa Myahudi. Kumvika mavazi ya Kichina ni kuipotosha historia. Wengine waliuona mtindo huo kuwa wa mahekalu waliyoyaacha. Hoja zao zina uzito, na si haki kuwabeza kwa msemo kwamba mwacha asili ni mtumwa. Aliyeiacha asili kwa hiari, pengine kwa kuigharimia damu, ana haki ya kuamua ni kipi cha asili atakirejelea. Lakini wachoraji wa Ulaya nao walimvika Maria mavazi ya Flanders na Italia kwa karne nyingi bila kuitwa wapotoshaji. Swali la haki, basi, ni nani mwenye ruhusa ya kubadili vazi.

Wapo pia wanaodai kwamba sanaa yote hii, ya Ricci na ya Costantini, ilikuwa mtego: utamaduni wa mwenyeji ukitumiwa kama chambo. Dai hili lina chembe ya ukweli, kwani nia ya mmishenari ilikuwa kuongoa. Udhaifu wake ni kwamba linamfanya Mchina kuwa samaki. Kijana wa Zhaoqing aliyechagua maneno mawili, mchoraji aliyesimamisha kiambaza cha milima nyuma ya Maria, na Chen aliyekwisha kuwa bingwa kabla hajakutana na askofu, hawakuwa samaki. Walikuwa wafasiri, na tafsiri ni kazi ya mtu mwenye akili zake timamu.

Vitabu vya historia huandika Ricci, Aleni na Castiglione. Ni vyema waandikwe. Hata hivyo, mwanafunzi wa lugha na fasihi ana wajibu wa kuuliza swali la pili kila aonapo kazi iliyovuka kutoka utamaduni mmoja hadi mwingine: ni nani aliyeivusha, na jina lake liko wapi? Afrika Mashariki ina vitabu vitakatifu, nyimbo na misamiati iliyotiwa Kiswahili kwa msaada wa wenyeji ambao majalada hayakuwapa nafasi. Uchunguzi wa swali hilo hauhitaji kusafiri hadi Beijing.

Twiga wa Malindi hakujua kwamba ameitwa qilin. Alisimama katika bustani ya mfalme akiwa yuleyule aliyezaliwa nyikani, huku kila aliyemtazama akimwona kiumbe mwingine. Picha ya kidini ilipofika Uchina ilikuwa katika hali hiyohiyo. Wamishenari waliodhani kwamba ingejieleza walishangazwa nayo, na wale waliokubali kumwuliza mwenyeji anaona nini ndio ambao kazi zao zingali zinatazamwa.